Lumbesa

Nimebeba viazi vya Isyonje tangu nina miaka kumi na saba,
gunia la lumbesa, lile la kichwa juu ya kichwa,
lililoshonwa mdomo kwa kamba likavimba shavu.
Sokoni Mwanjelwa waliniita Winchi.
Sasa kidole. Kidole kimoja tu, cha shahada,
na anayekiomba ni binti
ambaye ningemweka bega la kushoto
nikavuka naye barabara nikipiga mluzi.

"Baba Ipyana, kikunje."

Hakikunjiki.
Nakitazama kama mbuzi wa jirani.

Mpira umeshuka kooni, plasta imeubana shavuni.
Gunia ni mimi: nimeshonwa mdomo.
Mashine inanipumulia, haiulizi kama nataka.
Na usiku (sijui kama ni usiku, taa hazizimwi)
makuli wenzangu hupita chini ya kitanda wakipakia,
kisha karani anakuja na chaki kuniandika namba kifuani.
Baadaye nilimsimulia mke wangu. Akasema
hapakuwa na karani, ni zile waya za moyo.
Sawa. Lakini chaki niliisikia ikikwaruza.

Tusekile huja saa nne.
Saa nne naichukia kuliko sindano.
Hukunja goti langu, hulinyoosha, hulikunja,
kama fundi anayejaribu mlango alioutundika.
Hunilaza ubavu, hufanya kiganja kikombe,
hunipiga mgongoni, po, po, po,
mpaka kohozi lianze safari huko chini
kama lori linalopanda Mlima Nyoka kwa gia ya kwanza.
"Kohoa, baba."
Na mpira huu kooni?
Ningekuwa na sauti ningemtukana,
tusi la sokoni, lililoiva.
Nilimtukana kwa macho.
Akanifuta mate, akasema, "Nimesikia."

Siku ya sita, au ya tisa, wakaniinua nikae:
yeye, nesi, na kijana wa mafunzo aliyeogopa waya.
Kukaa tu. Miguu ining'inie.
Dunia ikamwagika. Kichwa lumbesa,
shingo kamba iliyooza.
Tusekile akapiga goti sakafuni, mikono yake magotini pangu,
akahesabu pumzi,
na mimi nikaona jasho likimchuruzika kisogoni,
mwezi wa sita, Mbeya, baridi ya kukata masikio.
Jasho lile nalijua.
Ni la mtu aliye chini ya mzigo na hataki kuutua.

Kitanda cha dirishani alilala mzee Mwaisumo.
Tulizoea kupungiana, yeye mkono, mimi nyusi.
Asubuhi moja nimekaa, pazia lake likavutwa,
magurudumu yakalia.
Nikageuza shingo; ilikuwa imeanza kunitii.
Tusekile akanishika kidevu, akakirudisha mbele taratibu.
"Kumi na moja," alisema. "Tumefika kumi na moja."
Nikavuta ya kumi na mbili.
Mpaka leo sina hakika kama ilikuwa yangu.

Mpira ulipotoka, neno langu la kwanza lilikuwa "maji".
Mke wangu alitarajia jina lake.
Baada ya maji nikamgeukia yule binti:
"Usiniinue kwa kiuno, utaumia.
Magoti. Mzigo huinuliwa kwa magoti."
Akacheka. Akakunja magoti.

Hatua tatu mpaka kwenye kiti.
Ya tatu ilikuwa kuanguka, lakini tuliihesabu.
Mizani ikasema kilo hamsini na moja:
nusu gunia, na hata hiyo nusu si ya lumbesa.
Dirishani Loleza ulikuwa umejifunika ukungu gubigubi;
mlima sikuuona, niliona mahali unapokaa.

Saa nne na nusu. Akanawa mikono, akaenda kitanda kingine.
Nikabaki na kidole changu cha shahada,
kinakunjika, kinanyooka, kinakunjika.
Kesho atakuja tena.
Nimeshaanza kumkasirikia mapema.